Nyumba ya Wakiwa: Filamu ya Kihispania na Maneno ya Kiswahili ya Kuisimulia

Katika filamu za kutisha zilizotoka Hispania tangu mwanzo wa karne hii, mojawapo iliyosifiwa sana ni El orfanato, iliyoongozwa na J. A. Bayona na kutolewa mwaka 2007. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji huyo. Hadithi yake iliandikwa na Sergio G. Sánchez, na Guillermo del Toro wa Meksiko alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake. Ilionyeshwa Cannes mwezi wa Mei mwaka ule, kisha ikajipatia tuzo saba za Goya, ambazo ndizo tuzo kuu za sinema katika nchi ile. Ustadi wake wa picha na sauti umekwisha kuelezwa na wengi. Jambo linalokusudiwa hapa ni la lugha, nalo ni hili: mtu akitaka kuisimulia filamu hii kwa Kiswahili, awaiteje wale watoto waliomo ndani ya nyumba?

Swali laonekana dogo, lakini hukumu nzima ya filamu imo ndani yake. Msimulizi wa filamu za kigeni katika mabanda ya video ya Tanzania hana nafasi ya kufungua kamusi. Yampasa atamke neno papo hapo, picha ingali inakwenda, na neno atakalolitamka ndilo litakalowaambia wasikilizaji waogope nini. Wasimulizi mashuhuri wa kazi hii, kama Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, hawakuwa wafasiri wa neno kwa neno. Walikuwa wasimulizi kwa maana ya zamani, wenye kuongeza, kupunguza, kufafanua na kutania, na sanaa yao yastahili heshima kubwa kuliko ile iliyopewa na wasomi. Hata hivyo Kiswahili cha mjini, ambacho ndicho chombo chao, kimezoea kuvitia vyote visivyoonekana katika kapu moja: jini, pepo, shetani. Filamu ya Shumileta ya Mussa Banzi, ya mwaka 2005, ni mfano ujulikanao. Humo mwenye kutisha ni jini wa kike ampendaye mwanadamu. Kiumbe wa namna hiyo hana udugu na nyumba aiingiayo. Ametoka nje, ana tamaa yake, na watu wa nyumba wanachohitaji ni mtu wa kumfukuza. Yafaa pia ikumbukwe kwamba Banzi huyo huyo filamu yake nyingine aliiita Nsyuka. Neno hilo ni la Kinyakyusa, lugha ambayo ndani yake abasyuka ni wafu wa ukoo, na yamkini lina undugu na kitenzi chetu zuka, kilichotupa mzuka. Mtengenezaji filamu wa Dar es Salaam alipotafuta jina, alikwenda kukopa bara. Huenda hakufanya hivyo kwa kupenda mageni tu.

Habari ya El orfanato ni hii. Laura, aliyelelewa katika nyumba ya yatima karibu na bahari, anarudi baada ya miaka thelathini pamoja na mumewe Carlos, ambaye ni tabibu, na mtoto wao Simón mwenye umri wa miaka saba. Nia yake ni kuifungua tena nyumba ile iwe makao ya watoto wenye ulemavu. Simón ni mtoto wa kulea, naye ana virusi vya Ukimwi. Yote mawili amefichwa. Huzungumza na marafiki wasioonekana, na mmoja wao ni Tomás, mtoto aliyevikwa gunia kichwani. Siku ya sherehe ya ufunguzi, Simón anamtaka mama yake aende akaone nyumba ndogo ya Tomás. Mama ana wageni, ana shughuli, anakasirika, anampiga kofi. Tangu saa ile mtoto haonekani tena.

Miezi inapita. Mtoto ametafutwa ufukoni na pangoni, na mama amewaita hata watu wenye kudai kwamba huzungumza na wafu. Katika kutafuta huko inafichuka siri nyingine. Baada ya Laura kuchukuliwa na wazazi walezi, wenzake watano aliowaacha walimtania Tomás, mtoto wa mtumishi aitwaye Benigna, ambaye alifichwa kwa sababu ya kasoro ya uso. Walimvua gunia lake ndani ya pango, naye kwa haya hakutoka, bahari ikajaa, akafa maji. Benigna akawalipiza wale watano kwa sumu. Mifupa yao Laura anaikuta imetiwa katika magunia ndani ya tanuri la banda la makaa.

Mwisho Laura anabaki peke yake. Anaipanga nyumba kama ilivyokuwa siku za utoto wake: vitanda, vyombo, wanasesere, hata vazi la watumishi wa zamani analivaa. Anaandaa meza. Kisha anacheza mchezo wao wa utotoni, ule ambao mmoja hugeukia ukuta na kuugonga huku wenzake wakimnyemelea nyuma. Wanakuja. Wanamwongoza hadi kwenye mlango uliofichika chini ya ngazi, na huko chini ya nyumba Simón yumo. Amekufa tangu siku zile za kwanza. Alikuwa amejificha katika nyumba ndogo ya Tomás, na mama yake mwenyewe, katika kumtafuta kwa pupa, alirudisha vyuma vya ujenzi mbele ya mlango pasipo kujua. Mishindo ya usiku iliyowatia hofu ilikuwa ni mtoto akigonga. Na ule mshindo mkubwa ulikuwa ni mtoto akianguka.

Katika habari hii yote hamna jini hata mmoja. Waliomo ni watoto wa nyumba ile ile, waliokufa kifo kibaya, wasiozikwa, na ambao kwa miaka thelathini hapana aliyeuliza walikokwenda. Hawamwonei mtu. Mara moja tu mtoto mwenye gunia anambana Laura vidole mlangoni, na hata hapo mwisho wa filamu unatutia shaka kama yule alikuwa Tomás au Simón mwenyewe. Msimulizi atakayesema “majini” atakuwa ameigeuza filamu kuwa nyingine. Wasikilizaji watangoja mganga, na mganga hatakuja; watangoja jini atolewe, na badala yake mama ataandaa chakula. Wataondoka wakisema kwamba filamu haina mwisho. Neno msukule nalo, ambalo laweza kumjia msimulizi kwa sababu ya lile gunia, halifai kabisa, bali ni kinyume chake: msukule ni mtu adhaniwaye kuwa amefariki, kumbe yu hai amefichwa, Simón ni mtoto adhaniwaye kuwa yu hai mahali fulani, kumbe amekufa na kufichika.

Kihispania chenyewe hakisaidii sana. Nyumba ya namna hii huitwa casa encantada, na kitenzi encantar kina asili ya Kilatini yenye maana ya kuimbia maneno ya uganga. Kwa asili ya neno, basi, nyumba hiyo imerogwa, ijapokuwa katika El orfanato hakuna aliyeiroga. Filamu imekwenda mbali kuliko neno la lugha yake. Pengine jambo hilo si la ajabu katika nchi ambayo, wakati filamu ilipotoka, ilikuwa katika mjadala mkali juu ya wafu wake wasio na makaburi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1936 hadi 1939 viliacha maiti nyingi katika mashimo kando ya barabara. Mwaka 2000 shimo la Priaranza del Bierzo lilifukuliwa na mabaki ya watu 13 kutolewa, na mwezi wa Desemba 2007, miezi michache tu baada ya filamu hii kuonyeshwa, bunge lilipitisha sheria iliyojulikana kuwa ya kumbukumbu ya kihistoria. El orfanato haitaji vita hivyo hata mara moja, wala si haki kuilazimisha ivitaje. Lakini mtazamaji wa Hispania aliyeona mifupa ya watoto ikitolewa katika magunia ndani ya banda la nyumba nzuri hakuhitaji kuelezwa kwamba yaliyofichwa karibu na nyumba huendelea kudai.

Neno la Kiswahili lililo karibu na jambo hili ni mzimu. Lina ndugu wengi: kuzimu, wazimu, zimwi, na yamkini kitenzi zima chenye maana ya kufanya moto au taa isiwake. Katika kamusi za zamani limepewa maana mbili zilizoshikana, yaani roho ya mtu aliyekufa na mahali pa kumtolea sadaka. Na pwani nako mizimu ya mapangoni na ya mibuyuni ilijulikana vema. Baadaye mafundisho ya dini yaliwasukuma mizimu upande wa mashetani, na Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja cha mjini, kilirithi msukumo huo. Leo mwanafunzi wa shule akisikia “nyumba ya mizimu” hufikiri juu ya popo na sauti za kutisha. Hafikiri juu ya babu yake.

Ili kuona neno hili lafanya kazi gani mahali ambapo bado lina uzito, yafaa kulitazama Kiswahili cha bara ya kati, na hasa cha mkoa wa Singida. Huko Kiswahili huzungumzwa kando ya Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu na Kidatoga, na msemaji hukitwisha maneno yake mizigo ya lugha aliyonyonya. Kinyisanzu cha Mkalama huwaita wafu wa ukoo alungu, na mmoja wao mulungu. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu atasimama hapo kidogo, maana shina hilo hilo pwani lilipoteza sauti ya l likawa Muungu, kisha Mungu. Neno ambalo pwani lilipanda likawa la Mwenyezi peke yake, Mkalama limebaki chini, miongoni mwa jamaa. Mtu wa huko asemapo mzimu kwa Kiswahili, mara nyingi anamaanisha mtu mwenye jina, mwenye watoto, mwenye malalamiko yanayoeleweka. Anaweza kukasirika kwa kusahauliwa. Dawa ya hasira hiyo haiwi kumfukuza, kwani atafukuzwa aende wapi naye yuko kwake? Hutambikiwa.

Kadhalika neno mji. Katika matumizi ya Sanifu mji ni makazi makubwa yenye maduka na barabara. Katika Kiswahili cha wazee wa bara, mji waweza kuwa boma la mtu mmoja: nyumba zake, zizi lake, wakeze na watoto wake. Mwenyeji, kwa asili, ni mwenye mji. Na mji huo huo, katika maana nyingine iliyomo katika kamusi, ni mahali pa mimba ndani ya tumbo la mama. Wagogo, majirani wa Singida kwa upande wa mashariki, walikuwa na desturi ya kumzika mwenye mji ndani ya zizi lake. Wadatoga, waishio Hanang na sehemu za Singida, humjengea mzee wa heshima kilima cha kaburi kiitwacho bung’ed, kwa sherehe ya miezi mingi. Kwa watu wa desturi hizi, nyumba yenye wafu ndani yake si nyumba iliyoharibika. Ni nyumba iliyokamilika. Linaloiharibu ni kutowajua waliomo.

Isidhaniwe kwamba El orfanato yaweza kuhamishwa na kusimamishwa Singida pasipo kupoteza kitu. Jengo lenyewe lapinga. Filamu ilipigwa picha katika jumba kubwa la Llanes, huko Asturias, lenye orofa, ngazi, madirisha marefu na vyumba ambavyo mwenye nyumba mwenyewe havijui vyote. Hofu yake hutegemea chumba kisichojulikana. Tembe ya bara ya kati, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo, ni fupi na yenye giza, lakini haina pembe isiyojulikana na wenyewe. Tena hofu kuu ya Singida iliyojaza majalada ya serikali ya kikoloni, ile ya watu-simba, waitwao mbojo, iliyofikisha watu mahakamani kwa mauaji katika miaka ya 1940, ilikuwa hofu ya nje: pori, njia ya shamba, jioni. Tembe ilikuwa kimbilio. Filamu ya Bayona hupindua mpangilio huo. Nje kuna jua na bahari, na yenye kuogofya yamo ndani.

Linaloweza kuhama ni deni. Singida wana neno la mahali palipoachwa, nalo ni tongo, ambalo wasemaji wengi wa bara hulitumia kwa uwanja wa mji wa zamani, wenye rutuba ya samadi na wenye makaburi. Kiswahili cha vitabu kina hame, na wingi wake mahame. Pwani hupenda gofu. Maneno haya matatu si sawa. Gofu ni la kuta: jengo lililobaki bila paa wala watu. Hame ni la watu: mahali palipohamwa. Tongo ni la ardhi pamoja na wale waliomo chini yake. Katika operesheni ya kuhamia vijijini, iliyokuwa na nguvu mwaka 1974, miji mingi ya Singida iliyokuwa imetawanyika iligeuka matongo kwa muda wa siku chache, na makaburi yakabaki nyuma. Mzee aliyehamishwa hivyo angeuelewa upesi ule mwendo wa Laura wa kurudi na kukipanga kila kitanda mahali pake. Jumba la Llanes si gofu, kwani kuta na paa ni nzima. Ni tongo lenye paa.

Jina la filamu nalo lahitaji hukumu. “Nyumba ya Yatima” au “Kituo cha Yatima” ni tafsiri sahihi, isiyo na kosa, nayo yanusa ofisi ya ustawi wa jamii. Yatima ni neno la Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu ni mtoto ambaye hajabaleghe aliyefiwa na baba. Kiswahili kina neno lake la asili, mkiwa, ambalo ni mtu aliyefiwa au kuachwa peke yake, asiye na wa kumtazama. Mwana mkiwa ndiye yatima wa hadithi za zamani. Na kutoka shina hilo twapata ukiwa, ambao ni hali ya mtu na pia hali ya mahali: nyumba ina ukiwa kama mtoto alivyo mkiwa. Ni maneno machache yawezayo kumshika mtoto na nyumba kwa mkono mmoja namna hiyo. “Nyumba ya Wakiwa” lingekuwa jina la filamu hii kwa Kiswahili, na lingesema jambo ambalo hata jina la Kihispania halisemi. (Msafiri atokaye Manyoni kwenda Singida hupita mahali paitwapo Mkiwa, penye njia ya kwenda Itigi, asili ya jina hilo ni jambo jingine, na majina ya mahali hayapaswi kufasiriwa kwa kufanana sauti tu.)

Msimulizi akisha kuchagua mzimu, hajamaliza kazi. Neno hili limo katika ngeli ya M-MI, lakini upatanisho wake hubadilika kwa kadiri ya heshima. Mmoja atasema “mzimu ule unagonga”, mwingine “mzimu yule anagonga”. Wote wawili husikika, lakini hawasemi jambo moja. Wa kwanza anataja tukio, wa pili anamtaja mtu. Mhispania hasumbuliwi na uchaguzi huu. Kitenzi chake hakimlazimishi. Mswahili hulazimishwa katika kila sentensi. Na hapo ndipo lugha yetu yaweza kuieleza filamu hii vizuri kuliko filamu inavyojieleza. Katika sehemu ya katikati, mama Aurora, mwenye kipawa cha kusikia wafu, anakuja na wenzake wenye kamera na vyombo vya kunasia sauti. Wanaizunguka nyumba na kupima. Wasemayo hao yafaa yasimuliwe kwa u-: unasikika, unatoka chumba kile, umekaribia. Laura aandaapo meza, msimulizi ahamie a- na wa-: wamekuja, wanakaa, wananitazama. Msikilizaji atasikia badiliko hilo hata kama hawezi kulieleza kwa sarufi, naye atakuwa amekwisha kuambiwa kwa nini vyombo vile havikupata kitu na sahani zilipata.

Kuna mtego mwingine, nao ni mkubwa zaidi. Filamu nzima ni swali moja la mama: mtoto yuko wapi? Kihispania hujibu maswali ya namna hii kwa está, kitenzi kimoja kwa mahali popote. Kiswahili hutofautisha yupo, yuko na yumo. Msimulizi asiyejihadhari, akiwa ameiona filamu mara mbili na kuujua mwisho wake, aweza kuponyokwa na “yumo” mapema, na siri yote ikatoka kwa silabi moja. Yampasa ashike “yuko” kwa muda wa saa moja na nusu, yaani mahali pasipo mpaka, pa mbali na pa kudhania, kama wanavyodhani polisi na mumewe. Silabi ya -mo aiweke hadi mlango wa chini ya ngazi. Hapo aseme: “Yumo.” Hahitaji kuongeza neno.

Mishindo ile ya usiku nayo yastahili neno lake. Mila ya Waswahili wote, wa pwani na wa bara, ni kwamba asiye wa nyumba hapiti mlango kabla ya kubisha hodi na kukaribishwa. Hodi hutoka nje kuelekea ndani. Mchezo wa watoto katika filamu hii ni wa kugonga ukuta, na mkasa wake ni kugonga kusikojibiwa. Lakini mgongaji alikuwa ndani, naye aliomba kutoka. Ni hodi iliyogeuzwa. Walio hai walisikia hodi ya mwenye nyumba wakaiita mzimu, na kwa hofu yao hawakuitikia. Hapana sababu ya kusita kulitumia neno hili katika usimulizi, ijapokuwa halimo katika maneno ya filamu. Mchezo wenyewe hauna mwenzake kamili kwetu. Ulio karibu ni kombolela, ambao watoto hujificha na anayewahi kambini huwakomboa waliokwisha kukamatwa. Kanuni si zile zile, na mtazamaji ataona kwa macho yake kwamba ukuta si kopo. Hata hivyo ukombozi uliomo katika jina hilo unakaribia sana kile ambacho Laura anajaribu kukifanya.

Filamu ina kasoro zake. Kifo cha Benigna barabarani, na jinsi kamera inavyoinama kuuonyesha uso uliopondeka, ni hofu ya bei rahisi. Chapatikana humo kishindo, na hakipatikani kitu kingine. Maelezo ya sumu na ya mifupa yanakuja kwa haraka mno, kama kwamba mwandishi alikumbuka kwamba ana fumbo la kufumbua. Sehemu ya Aurora ni ndefu kupita haja yake, ijapokuwa Geraldine Chaplin aliicheza kwa utulivu mwingi na sauti za watoto gizani zilitungwa kwa ustadi. Kwa upande huo The Others ya Alejandro Amenábar, ya mwaka 2001, ni kazi iliyobanwa vizuri zaidi. Nayo ni filamu ya Hispania, iliyopigwa picha Cantabria, ikapata tuzo nane za Goya, mojawapo ikiwa ya filamu bora, ingawa ndani yake hamna neno la Kihispania lisemwalo. Hadithi yake ni ya kisiwa cha Jersey mwaka 1945. Mama aishi na watoto wawili wasiovumilia mwanga, kwa sharti kwamba mlango mmoja usifunguliwe kabla wa nyuma yake haujafungwa; anasumbuliwa na “wengine” waliomo nyumbani mwake, na mwisho anatambua kwamba yeye na watoto ndio wafu, na wale wengine ndio walio hai. Jina hilo Kiswahili hulifasiri kwa urahisi wa ajabu, kwani “Wengine”, kwa kiambishi chake tu, husema kwamba wanaotajwa ni watu. Lakini Amenábar alitunga fumbo, na fumbo likisha kujulikana nguvu yake hupungua. El orfanato, pamoja na legelege zake, huuma zaidi ikitazamwa mara ya pili, kwa kuwa mara ya pili kila mshindo una jina la mtoto.

Mwisho wake umebishaniwa. Laura anameza vidonge huku amempakata mtoto, anaomba arudishiwe Simón, na watoto wote wanaamka. Mmoja anamtambua kwamba ni Laura, amezeeka kama Wendy wa hadithi ya Peter Pan, na mnara wa taa uliozimika siku nyingi unamulika tena. Wapo waonao kwamba hapa filamu imejiuza kwa machozi. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi. Tangu mwanzo Laura alikuwa mmoja wa watoto sita, na ni mmoja tu aliyechukuliwa akalelewa. Wale watano waliobaki walikufa kwa kuwa walibaki. Kwa hesabu ya mji wa zamani, amerudi kwa wenzake. Kinachosumbua zaidi ni picha baada ya hiyo. Carlos, akiwa peke yake, anaikuta sakafuni ile medali ya Mtakatifu Antoni aliyokuwa amempa mkewe, milango ya chumba inaachana mbele yake, naye anatabasamu. Kihispania husema se abre na kunyamaza. Kiswahili hakina ruhusa ya kunyamaza: msimulizi ataje kwamba mlango umefunguka, yaani wenyewe, au kwamba umefunguliwa, yaani yupo aliyeufungua. Baada ya saa nzima ya a- na wa-, “umefunguka” lingekuwa neno la mtu aliyerudi kusimama pamoja na wale wenye vyombo vya kupimia. Tabasamu la Carlos ladai “umefunguliwa”.